Ndege wa Entebbe

Digna hakuwahi kusema kwamba alifika timu ya taifa kwa bahati. Alisema alistahili, na aliyebisha alikaribishwa arushe mpira aone utakapoangukia. Kriketi aliijulia shuleni Ifakara, mwalimu mmoja alipoleta ubao wa kupigia na mipira chakavu. Wenzake waliukimbia ule mpira, maana ni mgumu kama jiwe, yeye aliusogelea. Kabla hajatimiza miaka ishirini alikuwa ndiye mpigaji anayetangulia kuingia uwanjani kwa timu ya taifa, amecheza Kigali, amecheza Windhoek, na watu wa kijijini kwao Namawala wasioujua mchezo wenyewe walijua kwamba binti wa Fausta akishika ubao, kuna mtu atafuata mpira mbali.

Kisha ikaja Entebbe.

Siku hiyo Tanzania ilikuwa imebakiza pointi chache tu ishinde. Sheria ya mpigaji si ngumu: mbele ya vijiti anavyovilinda amechorewa mstari mweupe, na mpira ukiwa bado unachezwa asikutwe nje ya mstari huo. Wapinzani wakiviangusha vijiti naye yuko nje, kwisha habari yake. Digna alipiga, mpira ukaishia karibu na mchezaji wa pembeni wa wapinzani, Digna akatulia ndani ya mstari wake. Ndipo kundi la ndege wadogo liliposhuka kwenye nyasi kwa mkupuo mmoja, vilevile kweleakwelea wanavyoshuka kwenye mpunga.

Aliyekulia Namawala hafikirii hapo. Tangu ajue kutembea, Digna aliamshwa alfajiri kwenda kuamia, kulinda mpunga usiliwe na ndege, na mwili wake ulikwisha kufundwa: ukiwaona, wafuate. Akatoka mbio huku akipiga makofi na glavu zake. "Haaaa! Haaaa!" Ndege wakaruka wote. Mpira ukarushwa, vijiti vikaanguka, Digna nje. Wapigaji waliomfuata wakapukutika, na Tanzania ikashindwa mechi iliyokuwa mkononi.

Video yake ilitazamwa mpaka na watu wasiojua kriketi ni mnyama gani. Wakambatiza Mwamia Ndege. Kikosi kilichofuata kilipotangazwa, hakuwemo. Akarudi nyumbani amenuna, akamsimulia mama yake kisa chote. Fausta alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja.

"Na hao ndege waliondoka?"

"Waliondoka, mama."

"Basi kazi uliifanya."

Digna alicheka, kisha akalia. Nafasi yake aliitaka, na hakuona haya kuitaka. Hakuna aliyempita kwa kupiga mpira, na hilo alilijua kama anavyolijua jina lake.

Mwishoni mwa masika, kocha wa taifa, mama mmoja mkimya aitwaye Evelina, alikuja Ifakara kutazama mechi ya wasichana wa bondeni kwao Digna na wa Morogoro mjini. Timu ilikuwa inakwenda kugombea tiketi ya Kombe la Dunia, na nafasi ya mpigaji ilibaki moja tu. Mpunga ulikuwa umetoa masuke na Digna alikuwa shambani anaamia. Akaacha vyote, akapanda bodaboda, ubao mgongoni. Mama yake na majirani wakafuata wamejazana kwenye guta la kubebea magunia. Siku hiyo ndege wa Namawala walikula bila bugudha.

Morogoro waliongozwa na Merina, msichana hodari mwenye ulimi kama wembe. Digna alipojipanga tu, Merina akapiga makofi nyuma yake. "Haaaa! Ndege hao!" Wenzake wakaangua kicheko. Mpira wa kwanza ukampita Digna hivihivi. Wa pili nusura uguse vijiti. Masikio yalimwaka moto, na kwa mara ya kwanza tangu ashike ubao alitamani siku iishe.

Ila Merina alikuwa hawajui watu wa Namawala. Kule mashambani mtu akipaza sauti ya kufukuza ndege, wa shamba la jirani huitikia, na wa pili yake vivyo hivyo, ili ndege wakose pa kutua. Anayenyamaza anamsukumia mwenzake ndege, na huo ni uchoyo. Kwa hiyo Merina alipopaza tena "Haaaa!", Fausta aliitikia bila hata kujua kwamba ameitikia. Majirani wakapokea. Merina akarudia kwa hasira, nao wakamjibu kwa moyo mweupe kabisa, mpaka wachezaji wake wakawa hawasikii anawaelekeza nini. Mwishowe akafunga mdomo.

Digna alikuwa anacheka ndani ya kofia yake ya chuma. Miguu ikatulia. Mpira uliofuata aliupiga ukavuka uzio na kutua kwenye migomba ya watu, na baada ya hapo hakumbakiza mrushaji yeyote wa Morogoro. Alipiga kushoto, akapiga kulia, akawakimbiza mpaka wakawa wanatembea. Mechi iliisha naye bado amesimama.

Evelina akaja moja kwa moja walipokaa Fausta na majirani, Digna akiwa kando yao, akamwamkia Fausta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Namtaka Digna kambini Dar es Salaam Jumatatu. Nafasi ni yake."

Moyo wa Digna uliruka, kisha ukazama. Mpunga ulikuwa bado wiki kadhaa kukomaa, shamba ni kubwa, na wa kuliamia walikuwa wawili tu, yeye na mama yake. Wasipovuna, mwaka mzima ungekuwa wa kuomba.

"Mama, na mpunga?"

Fausta alikuwa mwanamke ambaye, ukiondoa siku hiyo, maisha yake yote hakumwachia ndege hata suke moja. Akamfuta binti yake jasho usoni kwa upindo wa khanga.

"Ndege wa hapa niachie mimi, nitawaweza. Wewe nenda. Na huko uendako, mwanangu, hata wakishuka uwanja mzima, waache wale."