Bandi ya Daktari

Ami yangu Jamaldin alikatwa na mbuzi ya nazi. Nalisema hili mapema kwa sababu ukifika mtaani kwetu Kuze ukauliza, utaambiwa ni msumeno. Ndivyo alivyowaeleza wenzake wa barazani, na mimi niliyekuwapo nilithibitisha kwa uso wa majonzi, hata nikaongeza kwamba msumeno wenyewe ulikuwa wa umeme. Ukweli ni kwamba mkewe, Bi Sheikha, alimwomba amtolee mbuzi chini ya kabati, naye akaishika upande wa meno.

Jeraha lilikuwa dogo, halifiki urefu wa njiti ya kiberiti. Lakini lilikuwa upande wa ndani wa kidole cha shahada, mkono wa kulia, na kidole kilikataa kukunja. Daktari alisema kano imekatika, ile kamba nyeupe inayotoka kwenye msuli wa mkono mpaka ncha ya kidole. Akakifungua, akaiunga kano kwa uzi, akafunga, akamvalisha banzi la plastiki upande wa nyuma ili kidole kisinyooke kupita kiasi.

Kwa mtu mwingine hii ingekuwa habari ya kidole kimoja. Ami hushona kofia za kazi. Huchukua vitambaa viwili vyeupe, akachora maua kwa penseli, akatoboa vitundu mia kadhaa, kisha akazungushia kila kitundu uzi kwa mkono, miezi miwili au mitatu kwa kofia moja. Sindano ni nyembamba kama unywele, na hushikwa kwa vidole viwili: gumba, na kile kilichokatwa. Ameifanya kazi hiyo tangu ana miaka kumi na miwili na hajui nyingine. Hata mbuzi ya nazi hajui kuishika, kama tulivyoona.

Nilipewa jukumu la kumuuguza kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa na Bi Sheikha hushinda dukani kwake Biashara Street akiuza leso. Mimi ni Fairuz, kidato cha tatu, shule ya bweni huko bara. Sifa zangu za uuguzi ni alama nzuri za baiolojia. Sifa zangu nyingine ziliwahi kusomwa mbele ya gwaride la asubuhi, na hazihusiani na baiolojia.

Siku ya tano baada ya upasuaji nilimpeleka kliniki moja huko Mbaraki, kwa mtaalamu wa mazoezi ya mikono. Anaitwa Priscah, mwenyeji wa Kaloleni, mfupi, na huongea polepole kama karani anayesoma hukumu.

"Mzee Jamaldin, kila saa ukiwa macho, mara kumi," alisema. "Kikunje kwa mkono wa pili, taratibu, kisha kinyooshe mpaka kiguse banzi. Usishike kitu, usibebe kitu. Fairuz atatia alama hapa."

Akanipa karatasi yenye visanduku, kimoja kwa kila saa. Nilimwahidi kwa sauti ile ninayoitumia kwa mwalimu wa zamu.

Tulipofika nyumbani ami aliketi mkekani, mkono kifuani, akatafakari.

"Binti yule ana adabu," akasema, "lakini kushona hajui."

"Vipi, ami?"

"Kitu kikishonwa hakivutwi. Kofia nikishaiunga naitia wanga, naivika kwenye mti wake wa kuipa umbo, naiacha ikauke. Wewe ukija ukaivuta mara kumi kila saa, n'takufanya nini?"

"Utanipiga."

"Basi. Daktari kashona vizuri, mimi nimuharibie mshono wake? Kidole hiki kitatulia mpaka kishike."

"Na karatasi?"

"Kwani kalamu huna?"

Nilikuwa nazo tatu. Naomba ieleweke kwamba kughushi karatasi ni kazi kama kazi nyingine na ina kanuni zake. Alama zisifanane. Kalamu ibadilike siku ya tatu. Tone la chai lianguke Jumapili. Ijumaa saa saba niliacha kisanduku kitupu, kwa kuwa saa hiyo mtu mwema yuko msikitini na hakunji vidole. Ami aliikagua kazi yangu na akasema nina mkono mwepesi, na katika ukoo wetu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Wiki mbili zikapita hivyo. Kidole kilitulia sana.

Priscah alipolifungua banzi, aliweka juu ya kidole kipimo cha plastiki cha kupimia pembe. Alikikunja kwa mkono wake, kikakunjika karibu chote. Kisha akamwambia ami akikunje mwenyewe. Ami akakaza uso. Akakaza shingo. Kidole kilitikisika kidogo kama mtu aliyeitwa jina usingizini, kisha kikanyamaza.

Priscah akaichukua karatasi.

"Hapa mumeandika karibu mara elfu mbili," akasema. "Kidole chasema hata mara mia haikufika." Akapitisha ukucha juu ya visanduku. "Na Ijumaa saa saba ni tupu, wiki zote mbili. Nani aliyefikiria hilo?"

"Mimi," nikasema.

"Una akili."

"Ahsante."

"Sikukusifu. Mzee, nisikilize. Kano haijakatika, lakini imegandana na nyama za pembeni. Kikibaki hivi, daktari atalazimika kukifungua tena aibandue, na kila akifungua kovu laongezeka. Tuna wiki tatu, nne. Zikipita bila kukifanyia kazi, sindano usahau."

Ami alikitazama kidole chake jinsi ninavyomwona akitazama kofia zilizoshonwa kwa mashine. Priscah aligeuza ile karatasi yangu nzuri, akanichorea nyuma yake yanayotokea ndani ya kovu, huku akiniuliza maswali kama mtihani. Nilijibu yote. Ni jambo la kusikitisha kwamba nilikuwa nayajua tangu muhula wa pili, na sikuwahi kuwaza kwamba yako pia ndani ya mtu ninayemjua.

Tulipoingia Kuze, penye uchochoro wa madrasa, nikasimama.

"Ami, ule uzi wa daktari si mshono."

"Ni nini?"

"Ni bandi."

Mshonaji ukimtajia bandi humwambii jambo geni. Ni zile nyuzi ndefu za kushikiza nguo isiteleze wakati kazi yenyewe inafanywa, na ikimalizika huwa hazina kazi tena. Ami akasimama pia.

"Bandi? Na mshono wenyewe ushonwe na nani?"

"Mafundi wako ndani ya kidole. Kwanza huja seli za kufagia, zinakula uchafu na vipande vilivyokufa. Zikimaliza huja fibroblasti."

"Kabila gani hilo?"

"Seli, ami. Nyembamba, zina ncha huku na huku. Zinatoa uzi mwilini mwao, uitwao kolajeni. Ndio uzi wa kano yote, na wa ngozi, na wa mifupa. Hauvutiki kirahisi. Uko na mwingine wa elastini, huo ukivutwa hurudi, ndio unaofanya ngozi yako isibaki juu ukiifinya."

"Wanatoa uzi kama buibui."

"Kama buibui."

"Haya. Wanashona. Sasa kosa langu ni lipi? Mimi nimewaacha washone kwa utulivu."

"Hawana mchoro."

Hapo alinitazama vizuri.

"Wewe huchora maua kwanza ndipo utoboe," nikasema. "Wao hawana penseli. Wanajua pa kupitisha uzi kwa kusikia mvuto. Kano ikivutwa kidogo kidogo, nyuzi zinalala kwa urefu, sambamba, zinakuwa kamba. Isipovutwa wanashona kokote, juu, chini, upogo. Kano inapita ndani ya ala, kama kisu. Mafundi wako wameishona kano kwenye ala yake."

"Yaani kama mtu ashone mfuko wa kanzu..."

"Mpaka kwenye kanzu yenyewe, mkono usiingie."

"Huyo si fundi!"

"Ni wako, ami. Wiki mbili umemnyima mchoro, nami nimekuwa nikimwandikia kwamba anao."

Alipiga hatua kadhaa, akasimama tena. "Walikwambia hivi shuleni?"

"Kwenye kitabu. Kuna picha."

"Na ulikaa ukinitazama."

Safari hii sikutunga uongo. Ami akaketi kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, akakishika kidole kwa mkono wa kushoto, akakikunja. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Alifanya mara kumi. Nilihesabu, kwa mara ya kwanza, vitu vilivyokuwapo.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa moja. Asubuhi kidole kilikuwa kigumu kama mhogo mkavu. Priscah aliongeza zoezi jingine: ami akikunje kwa mkono wa pili, kisha auondoe mkono huo, kidole kijishikilie chenyewe nikihesabu mpaka tano. Niligundua kwamba tano yangu inaweza kuwa ndefu sana.

"Moja," nasema. "Ami, wajua wenzako wa barazani leo wamechelewa?"

"Hesabu!"

"Nahesabu. Mbili. Jua kali."

"Mtoto huyu mwana wa nani?"

"Wa nduguyo. Tatu."

Siku ya nne akaanza kunikwepa. Saa ikikaribia hutoka akaketi barazani na wazee wenzake, akijua sitathubutu kumwamrisha mbele za watu. Sikumwamrisha. Nilikwenda, nikasalimu kwa heshima, nikapeana mikono na kila mzee, kisha nikauliza, "Ami, samahani, kuna mtu ataka kujua. Ule msumeno ulikuwa wa kampuni gani?"

Alianza kukunja papo hapo. Saa iliyofuata nilirudi kuuliza msumeno ulikuwa na meno mangapi. Kufikia jioni nilikuwa natokeza kichwa tu mlangoni, na mzee mmoja, Muhdhar, aliyepata kuwa baharia, alinambia kwa huruma kwamba ajali ile imenigusa akili na nisomewe dua.

Siku ya kumi ami akiwa anakikunja tulisikia kitu. Si sauti kubwa, mfano wa uzi kukatika kwenye jino. Uso wake ukabadilika rangi.

"Imekatika," akasema.

Bi Sheikha alikuwa ndio kwanza arudi kutoka dukani, hajavua hata buibui. Alitutazama sote wawili. Alishika simu akaita tuktuk, tukaelekea Mbaraki. Mimi nilikuwa nafikiria zile tano zangu ndefu. Priscah ndiye aliyetuambia tusilazimishe, na mimi nilikuwa nimefanya mchezo. Kama kano imekatika, sikuona ni kalamu gani ingeweza kuliandika hilo upya.

Priscah alikuwa anafunga mlango. Akaufungua. Akamketisha ami, akashika kidole katikati, akasema, "Kunja ncha."

Ncha ikakunja.

"Tena."

Ikakunja tena, zaidi kuliko asubuhi. Aliweka kipimo chake, akaandika, akapima mara ya pili.

"Haikukatika kano," akasema. "Umeachia mshono mmoja wa wale mafundi wenu." Nilikuwa nimemweleza habari za mfuko wa kanzu wiki iliyopita, na alikuwa ameanza kuwaelezea wagonjwa wengine kana kwamba ni yake. "Lakini polepole. Hesabu ya tano ni sekunde tano. Umenisikia, Fairuz?"

"Nimesikia."

"Sekunde za saa, si za kwenu."

Wiki ya sita banzi likavuliwa. Wiki ya nane daktari akapima, akaita mwenzake apime, wakakubaliana kwamba hakuna haja ya kufungua tena. Kidole kilikunja mpaka karibu na kiganja. Kunyooka hakikunyooka chote. Zilibaki digrii kumi na tano. Priscah alisema zaweza kupungua, kwa kuwa mafundi huendelea hata mwaka mzima, wakifumua nyuzi za zamani na kutia mpya. Alisema pia kwamba zaweza zisipungue, na kwamba anayetaka kujua sababu atazame karatasi ya wiki mbili za kwanza. Mimi na ami tuliangalia dirishani.

Ruhusa ya kazi nyepesi ilitoka siku tatu kabla ya mimi kurudi shule. Ami alijitayarisha kama mwenda harusini. Alioga, akavaa kikoi safi, akaketi karibu na dirisha penye mwanga. Bi Sheikha alichelewa kwenda dukani kwa makusudi, akajifanya anatafuta mkoba.

"Mkoba umo mkononi mwako," ami akamwambia.

"Najua," akasema, akaketi.

Nilimtungia uzi. Kitundu cha kwanza, ambacho zamani kingemchukua muda wa kumeza funda la kahawa, kilimchukua nusu saa. Alikiinua kwenye mwanga, akakitazama, akakifumua chote. Akanipa sindano nitunge tena. Cha pili kilikuwa kibaya vilevile, kimevutwa upande mmoja, na hata mimi niliona.

"Hicho wakiacha?" Bi Sheikha akauliza.

"Nakiacha."

Cha tatu alikishona huku amekunja uso, na kidole kimepinda kidogo kuliko kinavyotakiwa, kwa zile digrii kumi na tano, ikambidi ageuze kofia ndipo sindano ipite. Katika cha nne sindano ilimponyoka ikaanguka mkekani. Niliinama.

"Wacha," akasema.

Akapeleka mkono mwenyewe. Mara ya kwanza aliikosa, na ya pili. Mara ya tatu aliinua unyuzi wa mkeka akidhani ni sindano. Mara ya tano ikashikika, akaendelea.