Kiti cha Mtoni

Nyumba ya Melkiori pale Mlabani ilikuwa na vipimo vya kila aina, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kikipima. Ukutani upande wa kushoto kulikuwa na saa kubwa ya stesheni isiyo na mashine ndani. Upande wa kulia kulikuwa na barometa ya shaba, ile ya kutabiri mvua, ambayo mshale wake ulikatika zamani. Melkiori alikuwa amebandika mshale wa saa kwa gundi, ukaelekea kwenye hali nzuri mwaka mzima. Pembeni, darubini ya wapimaji ardhi ilisimama kwa miguu yake mitatu, na juu ya kabati palikuwa na mizani ndogo ya dawa yenye sahani moja. Sahani ya pili ilikwishapotea, lakini iliyobaki iling'aa, na hilo lilimtosha.

Tusimcheke sana. Miaka ishirini alikuwa amewabebea Wazungu darubini hiyo kichwani, kutoka Mahenge mpaka Lupiro, huku akikatazwa kuigusa kwa vidole vyenye jasho. Walipoondoka walimwachia mabovu yao, na mengine aliyapata kwa Wahindi madukani. Sasa aliyagusa apendavyo. Kila Jumamosi aliyasugua kwa majivu na ndimu, na kila Jumapili baada ya misa watu walipita kuyashangaa.

Kasoro ilikuwa moja tu. Kati ya saa na barometa palikuwa na nafasi tupu. Siku moja ya Kwaresima mwalimu Nikodemu alipita, akakaa, akanywa chai, akasema, "Hapa katikati pamepwaya, mzee." Neno hilo lilimkaa Melkiori kooni. Alikuwa amealika watu chakula cha Pasaka, na padri naye alikuwa ameahidi kuja.

Alijua kinachofaa kuwekwa pale. Kwenye kivuko cha Michenga kulikuwa na nguzo ya mvule iliyosimikwa tangu enzi za Wajerumani, na juu yake kibao kirefu cha chuma, cheupe, chenye ile rangi ngumu ya sahani za bati. Kiliandikwa tarakimu nyeusi, moja mpaka tano, kutoka chini kwenda juu. Serikali ilikwishakisahau. Watu wa mashamba ya bondeni hawakukisahau, kwa sababu maji yakifika kwenye nne, njia ya kutokea mashambani huanza kufunikwa, na mwenye akili hufunga mzigo wake saa hiyohiyo. Hawakuiita nne. Waliiita kiti, kwa kuwa nne ni kiti kilichopinduliwa, na maji yakifika hapo walisema mto umekaa.

Jina hilo alilitunga Melkiori mwenyewe ujanani, alipokuwa akimfundisha hesabu pale kivukoni mdogo wake Digna, ambaye hakupelekwa shule. Sasa Digna alikuwa mke wa Kasmiri. Kila masika wawili hao walihamia kwenye dungu lao, kile kibanda cha miti cha kuchungia mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, mbali ndani ya bonde. Huko hakuna kilima. Maisha yao yote ya masika yalitegemea kile kiti.

Wiki moja kabla ya Pasaka, Melkiori akaenda kivukoni na mkewe Scolastica, nyundo na misumari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechonga kibao kingine cha mninga, akakipaka rangi nyeupe, akaandika tarakimu kwa mkono uliotulia, na nafasi kati ya tarakimu akazipima mara mbili. Tatizo likawa nguzo. Pale kibao cha zamani kilipong'olewa, mti ulikuwa umelika, kila msumari ukiingia unatoka na unga. Juu zaidi mti ulikuwa mzima, akapigilia huko.

"Si umekipandisha, Baba Raimundi?" Scolastica akauliza kutoka ukingoni.

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Melkiori akaweka kiwiko kwenye tundu la zamani la msumari, akaunyoosha mkono juu. Vidole vikagusa msumari mpya. "Mkono mmoja."

"Na watu?"

"Baada ya sikukuu naleta nguzo mpya, nakishusha. Kwani mto wenyewe huuoni? Hata kwenye mbili haujafika."

Scolastica akanyamaza. Baadaye alijilaumu sana kwa kunyamaza huko, lakini siku ile jua lilikuwa kali na alitaka kurudi nyumbani.

Siku ya Pasaka sebule ilipendeza, lazima tuseme kweli. Kibao kilikaa katikati ya saa na barometa kana kwamba ukuta ulijengwa kwa ajili yake. Padri alikitazama kwa muda mrefu, akasema ni kazi ya watu waliokuwa makini. Melkiori akachukua sifa hiyo kama yake. Digna hakuja. Alimtuma Viktor, mwenye mtumbwi, na salamu: mpunga umetoa masuke, ndege ni wengi, wifi amwekee nyama. Melkiori alishusha pumzi kusikia kwamba mdogo wake hatakiona kibao, kisha akajionea haya, kisha akasahau.

Wiki iliyofuata alisema ataipeleka nguzo kesho. Iliyofuata, mvua zikazidi huko milimani, akasema zikipungua. Hazikupungua. Barometa ukutani ikaendelea kusema hali ni nzuri.

Alhamisi asubuhi Viktor alisimama mlangoni, nguo zimemgandama mwilini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ingia."

Viktor hakuingia. "Bonde lote ni maji. Kasmiri tumemtoa juu ya mti. Digna hatujamwona."

Walimwona siku ya tatu, upande wa Lupiro, amenaswa kwenye matete. Wakamzika kabla jua halijazama, maana hakuwa wa kungoja. Msiba ukawekwa kwa Melkiori, kwa kuwa nyumba ilikuwa kubwa na mahali pake pakavu. Wanaume walikaa uani. Kasmiri alikuwa na homa, wakamlaza sebuleni kwenye mkeka.

Melkiori alikuwa amefikiria kukitoa kile kibao. Alifika mpaka ukutani, akakishika, akakiacha, kwa kuwa watu walikuwa wanaingia na angeonekana. Kwa hiyo Kasmiri alipofumbua macho saa nane mchana, alikiona.

"Shemeji," akasema. "Kile si kiti?"

"Ndicho."

"Na kule mtoni kuna nini?"

"Kingine. Nilikitengeneza mimi." Melkiori angeweza kuishia hapo. Lakini akaendelea. "Nilikipandisha. Mkono mmoja."

Kasmiri akakitazama kibao, halafu saa, halafu barometa, kama mtu anayetafuta bei.

"Jumanne jioni nilimwambia tuondoke," akasema polepole. "Akaenda kivukoni kuangalia. Akarudi ananicheka. Akasema mto haujakaa, bado mkono mmoja. Aliupima kwa mkono wake mwenyewe. Akasema, 'Kaka alinifundisha, mpaka kiti.' Tukapika, tukala. Jumatano asubuhi mto ukakaa, tukaondoka siku hiyohiyo. Maji njiani yalikuwa yamefika kifuani."

Hakumtukana. Aligeukia ukutani akajifunika shuka, na Melkiori akabaki amepiga magoti katikati ya sebule yake. Alitamani Kasmiri ainuke ampige. Alitamani hivyo kwa moyo wake wote, na haikutokea.

Kiangazi alipeleka nguzo mpya. Akaisimika mahali pa ile ya zamani, akang'oa kibao chake cha mninga, akarudisha cha Wajerumani, na safari hii alipima mara tatu. Scolastica hakwenda naye. Melkiori mwenyewe alikuwa ameacha kusugua vile vyombo, na shaba ilianza kuota kutu ya kijani.

Alipokuwa akipigilia msumari wa mwisho, akaja mama mmoja wa Michenga, jembe begani. Hakumwamkia. Alikitazama kile kibao, akamtazama na yeye, kisha akashuka ukingoni hatua chache kutoka pale. Akavunja tawi, akakata alama yake mwenyewe ya maji kwa jembe, akalichomeka kwenye tope.