Nyumba ya Kupapasa

Mzee Brashi alipostaafu kazi ya kuandika mabango, aliacha maduka arobaini na moja yenye herufi zake, na hadithi moja aliyokataa kabisa kuistaafisha: kwamba aliwahi kuchora kuku ukutani mwa hoteli, kuku akanona hivi kwamba mwewe alishuka kumnyakua, akavunjika mdomo. Mkewe naye alikuwa na lake kuhusu kuku huyohuyo.

"Alikuwa na miguu mitatu," alisema. "Mwewe alianguka kwa kucheka."

Enzi hizo bibie alikuwa anaona. Sasa macho yalikuwa yamemwisha. Yalianza kwa ukungu, ukungu ukawa pazia, na mwaka huu pazia likafungwa. Mwezi uliopita alijikwaa kwenye ngazi ya kupandia jikoni, ngazi moja tu ambayo fundi aliijenga bila sababu yoyote, akaangukia jiko na kuungua mkono.

Ndipo binti yao akaja. Yeye ni muuguzi wa wodi ya mifupa, na wazee waliovunjika nyonga anawaona kila siku kama wengine wanavyoona mkate.

"Jumamosi ya wiki ijayo nakuja na sanduku," alisema. "Mama anahamia kwangu."

"Kwako ghorofa ya nne," mama akasema. "Huko nitakuwa nani?"

"Utakuwa salama."

"Hata sukari iliyo kwenye kopo iko salama, mwanangu. Na kifuniko juu yake."

Wakavutana mpaka chai ikapoa. Mwishowe mama akakata kauli: siku hiyo atatoka chumbani peke yake, atafika jikoni, atachemsha chai na kumletea binti pale alipokaa, bila kushikwa mkono. Akishindwa, atalifungasha sanduku mwenyewe. Akiweza, linarudi tupu. Binti akakubali haraka, maana nyumba ile anaijua: korido ndefu yenye kona mbili na milango mitano inayofanana kama mapacha.

Kesho yake Mzee Brashi alitoa mabango ya zamani stoo, akayapasua kuwa mbao ndefu, akazipiga randa, akazipigilia ukutani usawa wa kiuno, kutoka chumbani mwao hadi mlango wa mbele. Karibu na kila mlango alichonga picha na kuipaka rangi. Chumbani waridi. Bafuni samaki. Jikoni sufuria inayotoa mvuke. Majirani walikuja kutazama, wakasifu, mmoja akaomba ya kwake. Siku ya tano akamwita mkewe.

Bibie akaweka vidole kwenye waridi. "Hiki nini?"

"Waridi."

"Mimi nahisi shavu la mtu mwenye surua." Akasogea, akapapasa tena. "Na hapa?"

"Sufuria. Na mvuke wake."

"Mvuke." Akaupitia tena kwa kidole. "Baba watoto, umenichongea mvuke."

"Umetoka vizuri sana."

"Kwa jirani. Jirani anaona."

Mzee alienda stoo akakaa juu ya kopo la rangi, ameshika tama. Miaka arobaini alifanya kazi kwa ajili ya jicho la mtu aliye ng'ambo ya barabara. Hakuwahi kumtengenezea mtu kitu cha kushikwa. Basi akajifunga kitambaa usoni, akaingia ndani kupapasa nyumba yake mwenyewe. Kwenye kona ya kwanza alikutana na mlango wa bafu, na pua ikamvimba hata, akisimulia yeye, ilifika jikoni dakika mbili kabla yake.

Mkewe alikuwa humo, anamenya viazi.

"Niambie jikoni kukoje," mzee akasema, bado amefungwa macho. "Sitaki kunavyoonekana."

Bibie akafikiri. "Ni mpini wa ule mwiko ulioungua."

"Chumbani kwetu?"

"Vifungo vya koti lako la harusi. Nilivishona mimi. Kimoja hakifanani na wenzake, hukuwahi kugundua."

"Bafuni?"

"Mnyororo wa baiskeli. Miaka thelathini uliuoshea humo, ukaniachia grisi sakafuni."

"Sebuleni?"

"Kile kitufe kikubwa cha redio iliyokufa. Na ubaoni, kabla ya hii ngazi ya shetani, weka vizibo vya soda, meno nje."

"Vitakukwaruza."

"Ndiyo maana yake. Na chumba cha mtoto, ng'oa mkono wa kile kiti cha zamani."

"Kiti ni kizima, mama watoto."

"Kina mikono miwili. Mmoja unakitosha."

Siku zilikuwa zimebaki nne. Mzee alikata vile vipande vyenye picha, akaviweka kando shingo upande, akatia mbao mpya mahali pake. Akagongomea, akatia gundi, akapiga msasa. Kila alipomaliza kitu alifumba macho na kukipitia kwa kidole, kisha bibie akakipitia na kumkosoa. Mwiko ulikuwa umegeuzwa kichwa chini. Mnyororo ulibaki na grisi. Akarudia bila kubisha, jambo ambalo majirani hawakuliamini waliposimuliwa.

Jumamosi binti akaja na sanduku lenye magurudumu, kubwa kama friji. Akakaa sebuleni. Mama alikuwa chumbani, mlango umefungwa.

"Baba, usimwongoze kwa kukohoa."

"Nina kifua."

"Huna kifua."

Mlango ukafunguka. Wakasikia kucha zikipita kwenye mbao bila haraka. Kona ya kwanza. Kona ya pili. Kisha vizibo vikakwaruza, na nyayo zikasimama. Binti akainuka nusu.

"Kaa," baba yake akasema. "Makubaliano ni makubaliano."

Mguu mmoja ukapanda, wa pili ukaufuata. Kiberiti kikawaka. Maji yakachemka kwa muda ambao Mzee Brashi hadi leo anaapa ulikuwa miezi miwili. Halafu mama akatokea, kikombe mkono mmoja, mwingine ubaoni, akakifikisha hadi kwenye goti la binti.

Binti akaonja. "Umesahau sukari."

"Sijasahau. Iko salama kwenye kopo."

Binti aliweka kikombe chini, akaingia koridoni, akafumba macho, akapapasa. Kwenye mlango wa chumba chake cha zamani mkono wake ulikuta kipande cha mti laini chenye vishimo vidogovidogo.

"Hiki nini?"

"Meno yako," mama akasema. "Yalipokuwa yanaota ulikitafuna kile kiti wiki tatu, kama panya. Napita hapo kila asubuhi. Kwako nitashika nini?"

Binti alikaa na kidole ndani ya vishimo vile. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya wodini. "Mikeka yote ya hii korido itolewe. Leo."

"Hayo ni maneno ya muuguzi, nayakubali. Na sanduku lisirudi tupu, nimeghairi. Baba yako ana waridi na mvuke humo stoo. Katundike kwako, wewe una macho."

Mzee alipoenda kuvileta, bibie aliufuata ubao hadi mwisho, kwenye mlango wa mbele. Akaufungua, akanyoosha mkono nje, akakuta hewa.

"Baba watoto, ubao umeishia hapa."

"Nyumba imeishia hapo."

"Nani kasema?" Tayari mguu mmoja ulikuwa nje. "Geti liko mbali kiasi gani?"

Mzee Brashi aliweka waridi chini, akatafuta futikamba.