D Tano za Katusiime

"Uuguzi haiwezekani," alisema Hanifu, na mimi nikainamisha kichwa asije akaona nilivyofurahi.

Hanifu ana steshenari pale Isingiro. Ndiye anayewaombea watoto wa huku nafasi za vyuo kwenye mtandao. Mdogo wangu Katusiime alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mguu juu ya mguu, mimi nikiwa kwenye benchi la mlangoni nimempakatia mkoba wake. Tata, baba yetu, alinituma nimsindikize, kwa kuwa binti yake mdogo hapandi bodaboda peke yake. Mimi napanda peke yangu tangu zamani na hakuna aliyewahi kuuliza.

"Kwa nini haiwezekani?"

"Fizikia una F, binti Kaijage. Wanataka Kemia, Baiolojia na Fizikia. Mbili unazo, ya tatu huna."

"Lakini nimekosa divisheni three kwa pointi moja tu!"

"Hata ungekosa kwa nusu. Kompyuta haina huruma, wallahi."

"Basi maabara."

"Maabara wanataka Hisabati. Hisabati yako nayo..." Hanifu akaishia hapo, akakuna ndevu.

Kila chuo kilipomkataa nilijisikia kama mtu aliyenyweshwa maji baridi. Niliomba kimoyomoyo vimkatae vyote. C mbili, D tano na F mbili: nilikuwa nimezikariri kama sala, maana tangu matokeo yatoke nyumbani hapakuwa na wimbo mwingine. Na jogoo alichinjwa, eti amejitahidi. Mimi nilipofaulu darasa la saba sikuchinjiwa hata kifaranga. Mama alikuwa ameugua mgongo mwaka ule, Tata akaniambia, "Subiri kidogo, Kemigisha, mama yako apone." Nikasubiri. Mama alipopona, Katusiime alikuwa amefika umri wa sekondari, na mwenye kusubiri tayari alikuwa amezoeleka jikoni.

Sisi ni watu wa ng'ombe, huko Mabira. Wanaume hukamua. Maziwa yakishaingia ndani ni kazi yetu wanawake: kuosha vibuyu, kuvifukiza kwa moshi wa majani, kutikisa maziwa mpaka siagi itoke. Nasema "wanawake", lakini mikono ilikuwa yangu. Katusiime alikuwa akirudi likizo anaziba pua.

"Kuna mifugo," Hanifu akasema. "Astashahada ya afya ya mifugo. Baiolojia D, Kemia D, na nyingine mbili za kujazia. Hapa unaingia bila kubisha hodi."

"Ng'ombe?" Katusiime alishusha mguu. "Niende shule miaka yote hiyo nikimbie kinyesi, halafu nikakisomee?"

Nilicheka. Alinigeukia kwa hasira. "Unacheka nini, dada?"

"Sijakucheka wewe."

"Basi tafuta kingine, kaka Hanifu. Chochote kisicho na mkia."

Hanifu alivuta pumzi, akaendelea kusoma. Alifika kwenye chuo kimoja cha ufundi upande wa Karagwe. Umeme wa majumbani, useremala, ushonaji. "Hiki hakina matata," akasema. "Hata darasa la saba wanapokea, mradi ajue kusoma na kuandika."

"Mimi nikakae dawati moja na darasa la saba?" Katusiime alisonya. "Hicho ni cha kina dada Kemi."

Alisema hivyo kama mtu anayetupa ganda la ndizi nje ya dirisha, hatazami linapoangukia. Lilianguka kwangu.

"Umeme pia wanafundisha wasichana?" nikauliza.

Wote wawili walinitazama. Hanifu alirudisha kofia yake mbele. "Hawajaandika kwamba wanakataa."

Sikuuliza tena. Huku kwetu nguzo za umeme zimeshafika, na kila anayetaka taa nyumbani anamsubiri fundi atoke mbali, alale, ale kuku wa watu, ndipo afunge. Nilikuwa nimewatazama mafundi wale mara nyingi nikijua ninachotaka, ila sikujua kama kina mlango.

Jioni hiyo Katusiime alilia, mama akalia naye, lakini Tata aliposikia neno mifugo akasimama kabisa. "Daktari wa ng'ombe atoke nyumbani kwangu? Mungu ananipenda!"

Shangazi Avelina, dada yake Tata, akashika mdomo. "Kaijage, mwanamke atakamua?"

"Hatakamua, atadunga sindano!"

Katusiime akasema afadhali afe. Kesho yake akasema labda. Alipoambiwa chuoni wanavaa koti jeupe, akasema sawa.

Ikabaki ada. Na hapo ndipo nilipoanza kuwaona wote wakinitazama kwa upole nisioujua.

Kwa baba yetu binti haolewi mikono mitupu. Hutengewa mtamba tangu akiwa mdogo, aondoke naye siku ya kuolewa, na huyo mtamba huhesabiwa kwa jina la binti. Hatoki zizini kwa sababu nyingine mpaka binti mwenyewe amfunge kamba. Baba akimfunga yeye, ukoo mzima utamsema. Wangu alikuwa Bihogo, mwekundu kama udongo wa barabarani. Katusiime alitengewa wake pia, akafa kwa ndigana, homa ya kupe, na hakuna aliyemtengea mwingine kwa kuwa yeye alikuwa na shule.

Hakuna aliyeniomba. Hilo ndilo kosa lao. Walinizoea mtu wa kusubiri na kunyamaza, wakadhani kunyamaza ni kukubali. Asubuhi moja nikiwa natikisa maziwa nilisikia pikipiki, nikachungulia. Placidius, mnunuzi wa ng'ombe kutoka Murongo, alikuwa anashuka na fimbo yake na mabuti ya mpira. Tata akamkaribisha, wakasifia mvua, wakafika zizini. Shangazi Avelina alikuwapo. Hata mama alikuwa amevaa kitenge cha kanisani.

"Kemigisha!" Tata aliita. "Lete kamba, mwanangu."

Nilifuta mikono nikatoka. Katusiime alikuwa amesimama mlangoni na simu yake, kucha zimepakwa rangi. Niliziona zile kucha kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

"Shikamoo, mzee Placidius."

"Marahaba, mama. Huyu ndiye mwenye ng'ombe? Umemtunza, hongera."

"Kamba iko wapi?" Tata akauliza.

"Iko ndani, Tata."

"Si ulete?"

"Sileti."

Bihogo aliendelea kutafuna. Shangazi alicheka kidogo, cheko la kumsaidia mtu arudishe neno lake. "Waitu, jamani, Kemi anatania. Mlete ng'ombe, mwanangu, mdogo wako asome. Akiwa daktari atakununulia wengine."

"Shangazi, huyu alitengwa kwa jina langu. Akitoka hapa atanitoa mimi. Kama si kwa mume, basi kwa shule. Kule Karagwe kuna chuo cha umeme, wanapokea darasa la saba. Mwulizeni Hanifu."

"Umeme!" Katusiime alipasuka kicheko. "Wewe dada? Utapigwa na shoti siku ya kwanza!"

"Nitapigwa mimi. Wewe utapigwa teke na ng'ombe."

Placidius aliangua kicheko, akajikausha haraka alipoona uso wa Tata.

"Kwa hiyo una wivu na mdogo wako," Tata alisema taratibu. "Wivu huo, Kemigisha, mbele ya mgeni?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, si kwa kweli. Nilimtazama miguuni. "Ndiyo, Tata. Nina wivu. Nimekuwa nao tangu mliponiambia nisubiri. Lakini kamba siifungi."

Mama akasogea. Hakunitetea. Alisema tu, "Mpe mgeni maziwa," kisha akaingia ndani, nami nikampa mgeni maziwa.

Tata hakusema nami kwa muda mrefu. Katusiime alihamia chumba cha shangazi ili asilale na "adui". Mimi nilijiambia nimeharibu, sasa hakuna atakayesoma, tutazeeka wote wawili jikoni tukigombania mwiko. Kusema kweli wazo hilo halikuniumiza kama lilivyopaswa.

Lakini fahali wa Tata, yule aliyekuwa hauzwi, ambaye hata mama alipougua mgongo hakuuzwa, aliuzwa. Placidius alirudi akamchukua, ada ya Katusiime ikapatikana. Hakuna aliyenieleza. Niliona tu nafasi yake zizini ikiwa tupu, nikaelewa kwamba njia ilikuwapo siku zote, ila haikuwa njia yangu. Siku hiyo nilitikisa maziwa mpaka bega likakufa ganzi.

Bihogo alinunuliwa na jirani yetu Theoneste ili abaki kwake azalishe, na pesa zikawa ada yangu. Kamba nilifunga mwenyewe, Tata akageukia pembeni. Hanifu alinijazia maombi, na majibu yalirudi: nimepokelewa umeme wa majumbani, Karagwe.

Tulisafiri siku ileile moja, kwa kuwa vyuo vyote viwili vilifunguliwa wiki hiyohiyo. Njia panda, Katusiime alikuwa na sanduku jipya la magurudumu, mimi begi la kuazima. Mama alikuwa amevaa viatu. Nilijua anamsindikiza nani. Basi lao lilipofika alinishika bega, akasema nikasali Jumapili, akapanda. Yaani hata hapa, nikafikiri, hata hapa.

Katusiime hakupanda. Alisimama mbele yangu, uso umevimba.

"Dada."

"Pandeni, mtaachwa."

"Wewe umepata ulichotaka," akasema. "Umekitaja mbele ya watu na umekipata. Mimi D zangu ndizo zilizonichagulia. Naenda kusoma kilichobaki." Akafuta pua kwa kiganja, rangi ya kucha imebanduka. "Tena wewe ni karibu, Jumamosi uko nyumbani. Mimi huko sijui mtu. Una bahati, dada. Toka utotoni una bahati ya kujua unataka nini."

Konda alipiga ubavu wa basi. Nilimwinulia sanduku, nikamsukumia ndani, nikamwambia ale kabla ya sindano za ng'ombe, asije akazimia. Alicheka na kulia pamoja. Basi likaondoka na mama yangu ndani.

Dada mwema angesikitika. Mimi nilipanda nyuma ya bodaboda, nikashika begi langu, na njia nzima kuelekea Karagwe nilikuwa nayarudia maneno yale polepole, moja moja. Katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kunionea wivu. Sikujua kwamba ni kitu kitamu hivyo.