Tik ya Kidole Gumba

Katika kibanda cha kinyozi Wembe palikuwa na sheria moja tu, nayo haikubandikwa ukutani: haipigwi rapu ya siku hizi. Mteja angeweza kusubiri, kulalama, hata kusinzia kitini, lakini masikio yake yangelishwa hip hop ya zamani mpaka nywele ziishe.

"Zamani mtu akishika maiki, diwani anakosa usingizi," Wembe alikuwa akimwambia fundi viatu siku moja, mashine ya kunyolea ikimpita kisogoni. "Tulimtaja mwenye nyumba anayepandisha kodi. Tulitaja bomba kavu, mtaa kwa mtaa. Hawa wa leo? Saa yangu, gari langu, viatu vyangu. Na gari lenyewe la kuazima. Wamewekewa mashine ya kupinda sauti, wanalia kama mbuzi aliyefungiwa chooni."

"Pamoja na huyo mpwa wako?" fundi viatu aliuliza kwa upole wa mchokozi.

"Huyo ndiye mbuzi mkuu."

Mpwa wake, mtoto wa dada yake, ndiye ambaye mtaa mzima ulikuwa ukimwimba. Wembe alimfundisha kutembea, na sasa watoto walimuuliza Wembe kama ni kweli yeye ni "mjomba wa yule". Mjomba wa yule! Mtu aliyewahi kusimamisha ukumbi kwa mistari kumi na sita, leo anajulikana kwa mtoto wa dada yake.

"Basi sikiliza kipande hiki, kakirusha leo," fundi viatu akasema, akainua simu kutoka chini ya shuka. "Wimbo wenyewe bado."

Wembe alikwisha kukunja uso kabla ngoma haijaanza. Ikaanza. Besi nzito, kisha: tik. Kidogo sana, kama ukucha juu ya meza. Ikazunguka, ikarudi: tik.

Mashine ikasimama kichwani.

Tik ile aliijua. Ujanani, yeye na Sindano, fundi redio wa nyumba ya tatu, hawakuwa na studio. Walikuwa na redio kaseti mbili na kipande kifupi cha ngoma walichokipenda. Ili kiendelee, walikinakili, wakasimamisha, wakarudisha nyuma, wakanakili tena, mchana kutwa, kidole gumba cha Wembe kikiwa juu ya kitufe. Mara moja kidole kilichelewa. Kosa likabaki, na kwa kuwa kipande chenye kosa ndicho walichokinakili tena na tena, tik ikawa inarudi kila mzunguko. Kaseti ilikuwa moja tu duniani. Aliyeitunza alikuwa Sindano.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wembe alitoka na aproni yake, nywele za mteja wake zikiwa zimeganda kifuani.

Katika karakana ya Sindano, katikati ya redio zilizotumbuliwa matumbo, mpwa wake alikuwa ameketi juu ya spika kuukuu. Spika ile ilikuwa kiti cha Wembe. Kitambaa chake kilibonyea kwa makalio yake yeye, si ya mwingine.

"Shikamoo, mjomba."

"Inuka hapo."

Mpwa akainuka. Sindano hakuinua macho kwenye waya aliokuwa akiuchoma.

"Umempa," Wembe akasema.

"Nimempa. Wewe nilikuomba miaka mingapi tuimalizie ile ngoma? Ukaniambia hip hop imekufa. Mimi ni fundi, ndugu yangu, si mlinzi wa makaburi."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa. Kisha ungeninunia. Nimeamua nipate kununiwa tu, bila kukataliwa."

Wembe akamgeukia mpwa. "Na wewe, na mashine zako zote, umeshindwa kuondoa ile tik?"

"Niliiondoa, mjomba. Ngoma ikapooza kama uji wa jana. Nikairudisha."

Jibu lile lilimuuma kuliko tusi. Alitaka mtoto awe kiziwi, ingekuwa rahisi kumchukia.

"Utaimba nini humo? Saa?"

"Bomba. Pale kwa mama maji bado hayatoki."

Sindano akabonyeza kitufe cha kurekodi, ngoma ikaanza. Mpwa akasimama mbele ya maiki, akashusha ubeti wake bila mashine ya sauti, maneno yakitoka makavu, kila moja na jiwe lake mkononi. Wembe alitafuta kosa kwenye vina, hakuliona. Akalitafuta kwenye pumzi. Kisha sauti ikakoma, ngoma ikaendelea tupu.

"Hapo ni pako," mpwa akasema.

Wembe akasogelea maiki. Ubeti wake wa bomba kavu ulitoka wenyewe, mzito, mzuri, hata Sindano akaweka chini chuma chake. Katikati pumzi ikakata. Mstari uliofuata haukuwepo. Akafungua mdomo, tik ikapita, na mpwa wake, taratibu, akautaja ule mstari. Akautaja na uliofuata. Alikuwa anaujua wote, tangu alipokuwa mdogo akinyolewa kwenye kiti cha kinyozi.

"Nyamaza. Mdomo huu ni wangu," Wembe akasema, akaumalizia mwenyewe, akichelewa nyuma ya ngoma, akihema kama mbeba magunia.

"Hiyo hiyo," Sindano akasema. "Na mihemo yake."

Mlangoni alisimama fundi viatu, shuka shingoni, nusu ya kichwa iking'aa. "Kinyozi, upande A umeisha. Utanigeuza lini?"

"Nakuja." Wembe akafuta jasho, akamkazia macho mpwa wake. "Jina langu litangulie lako."

"Litatangulia, mjomba."

Alikubali upesi mno. Njia nzima ya kurudi, Wembe alitamani kijana yule angebishana japo kidogo.