Malotau Yupi?

Miaka ile, ukilala kijijini kwetu, kisiwani Savaii, Samoa, pua ndiyo iliyotangulia kuamka. Binamu yangu Pesamino alikuwa na tanuri kubwa alilorudi nalo kutoka Brisbane, Australia, na maandazi yake ya tui la nazi yaliwapanga foleni moja hata watu wasiosalimiana. Siku hizi tunakula mkate wa plastiki na kujifanya tumeshiba.

Tanuri hilo nusura lichukuliwe, kwa ujinga wangu.

Mimi, Pesamino na mzee mmoja wa ukoo tulikuwa na cheo kimoja, Malotau. Kwetu cheo huweza kushikwa na watu watatu kwa pamoja, na ukishapewa, jina la utotoni unamwachia mama yako. Basi akaja mgeni kutoka Apia, mji mkuu, na bahasha nene.

"Malotau ni wewe?"

"Ndiye mimi."

Nikatia sahihi. Mihuri ya Brisbane! Nami nilikuwa nimeomba kwenda Australia kuchuma matunda. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza. Nikasema viza hiyo, nikachinja nguruwe.

Kumbe ulikuwa wito wa mahakama. Mwenye jengo alilopanga Pesamino kule Brisbane alimshtaki kwamba aliliharibu. Pesamino hakujua, hakufika, wakamtolea hukumu ya upande mmoja. Hukumu ikavuka bahari, ikasajiliwa Apia, na dalali wa mahakama akaja kupima tanuri kwa futi.

Pesamino akaenda kortini kupinga. Wakili wa upande wa pili akainua karatasi: "Wito alipokea. Sahihi hii hapa: Malotau."

Jaji, mama mwenye miwani, akasema, "Malotau asimame."

Tukasimama watatu.

"Aliyetia sahihi ni yupi?"

Nilitamani ardhi inimeze. "Mimi, mheshimiwa. Nilidhani viza. Nikachinja na nguruwe."

"Na mimi nilimla!" Pesamino akaropoka, akiniita kwa jina la utotoni. "We Uelese! Umenilisha kesi yangu mwenyewe?"

Korti nzima ikaangua kicheko. Jaji alivua miwani akajifuta macho, kisha sauti ikarudi kuwa ya kazi. "Huyu hakuambiwa kwamba ameshtakiwa, hivyo hakupata nafasi ya kujitetea. Hukumu hii haitatekelezwa hapa Samoa. Tanuri libaki."

Pesamino akanishika mkono, akaubana mpaka vidole vikaniuma. Kesho yake alfajiri akanitengea andazi la kwanza kutoka tanurini. Na binamu yangu yule, jamani, hata mama yake mzazi alimpanga foleni.