Vitabu Vimeazimwa

Sikuzani, mhudumu wa maktaba ya kijiji, alipokatazwa kuwasomea wanawake maktabani, hakulia. Alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya haki kabisa.

Kila Alhamisi aliwasomea wanawake wa Kimakua vijitabu vya afya, akivigeuza kwa lugha yao papo hapo. Pale Mkotokuyana Wamakua ni wachache, na Kiswahili cha wanawake wale, aliowaita bibi zake, kiliishia kwenye bei za sokoni. Ndiyo maana msimu uliopita mmoja wao, Mwanaheri, alilisugua dumu la dawa ya kupulizia mikorosho kwa majivu na mchanga mpaka harufu ikaisha, akatia maji ya kunywa. Onyo lilikuwepo ubavuni, kwa Kiswahili. Mjukuu wake aliponea chupuchupu. Sasa watu walikuwa wanajiandaa kupulizia tena, na madumu matupu yangezagaa kila ua.

Hayo hayakumgusa Bwana Bilali, msimamizi aliyetoka Nachingwea mjini na viatu vyake vinavyong'aa. Alisema wagonjwa wana zahanati, Kimakua kina nyumbani kwake, na maktaba ni ya kimya. Akamwonyesha karatasi ya kanuni ukutani. Asiyeziweza, akatafute kazi Ruangwa.

Sikuzani akaisoma karatasi ile mpaka chini, jambo ambalo bwana yule, wallahi, hakuwahi kulifanya. Kila mkazi aweza kuwa mwanachama. Kila mwanachama aweza kuazima kitabu kwa wiki mbili. Jioni ile akapita nyumba kwa nyumba, na kesho yake bibi zake wakaja, wakachovya dole gumba kwenye wino, wakaondoka na vijitabu kwapani.

Alhamisi Bwana Bilali akarudi, akakuta kimya alichokitaka. Rafu ya afya ilikuwa tupu. Akauliza nani kachukua.

"Wanachama," Sikuzani akajibu.

"Wale hawajui kusoma," akasema, akitazama alama za dole gumba daftarini.

"Kanuni haikuuliza hilo, bosi."

Saa za kazi zilipokwisha, Sikuzani akafunga mlango, akavuka barabara mpaka uani kwa Mwanaheri, ambako wanawake walikuwa wakipepeta ufuta, kila mmoja na kijitabu pajani. Akakaa mkekani, akaanza kusoma kwa sauti. Bwana Bilali akamfuata, akaamuru vitabu virudi maktabani sasa hivi. Sikuzani alijua kazi yake inaondoka. Hata hivyo hakufunga kijitabu.

Mwanaheri ndiye aliyeinuka. Akaingia ndani, akatoka na lile dumu, na shoka. Akaliweka dumu chini mbele ya viatu vinavyong'aa.

"Mimi mwanachama," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Siku ya kurudisha bado. Kitabu kasema hii toboa."

Akalipiga shoka. Bwana Bilali akaruka nyuma. Wanawake wengine wakainuka, wakaenda kuchukua madumu yao. Sikuzani akafungua ukurasa uliofuata, akaendelea kusoma.